Je, Wajua? Kamba, Likelemba na Kwinini ya Bukavu

Je, wajua kwamba watu wanane wakivuta kamba moja, nguvu yao haiwi mara nane ya nguvu ya mtu mmoja? Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alilipima jambo hili mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapisha hesabu zake mwaka 1913. Mtu akivuta peke yake, tuseme anatoa asilimia 100. Wakiwa wawili, kila mmoja hutoa kama 93. Wakiwa watatu, 85. Wakifika wanane, kila mmoja anatoa 49 tu. Yaani watu wanane walivuta kwa nguvu isiyofikia hata ya wanne.

Mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake nchini Marekani walitaka kujua kama kosa ni la miguu kuteleza na mikono kupishana. Wakamfunga mtu kitambaa machoni, wakamwaminisha kwamba nyuma yake kuna wenzake wanaovuta, ilhali hao wenzake hawakuvuta kabisa. Nguvu yake ikapungua vilevile. Mtu akijua kwamba wengine wapo, analegeza mkono, hata kama hajakusudia.

Mwanafunzi wa chuo chochote cha Bukavu anaijua kamba hiyo. Yeye anaiita TP, yaani travaux pratiques. Kazi ya kikundi inatolewa, majina kumi yanapangwa kwenye jalada, halafu wawili wanaifanya: mmoja anayelielewa somo na mwingine mwenye kompyuta. Wanane waliobaki wanachanga pesa za kuchapisha. Pointi zikitoka, wote kumi wanapata sawa.

Kwa mwanafunzi wa fani nyingine hasara hiyo ni yake mwenyewe. Kwa anayesomea ualimu katika Taasisi ya Juu ya Ualimu, ile ISP Bukavu ambayo kila mtu mjini anaifahamu, hasara inasafiri. Baada ya miaka michache mmoja wa wale wanane atasimama mbele ya darasa la kemia huko Walungu, Kabare au Uvira, chaki mkononi, akifundisha sura ambayo hakuwahi kuifanyia kazi. Ndiyo maana nimeona digesti hii iwe ya jambo moja tu: namna ya kuwafundisha walimu watarajiwa kemia ya kaboni kwa ushirikiano wa kweli, usio wa majina kwenye jalada.

*

Je, wajua kwamba kuwakalisha wanafunzi pamoja na kuwafundisha kwa ushirikiano ni mambo mawili tofauti? Ndugu wawili, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walitumia miongo mingi kulichunguza jambo hili, wakijenga juu ya kazi ya Morton Deutsch ya mwaka 1949 kuhusu ushirikiano na ushindani. Walitaja nguzo tano. Wanakikundi wategemeane kiasi kwamba mmoja hafaulu wenzake wakianguka. Kila mmoja ajibu kwa nafsi yake. Wazungumze ana kwa ana na kusaidiana. Wafundishwe adabu ya kazi ya pamoja: kusikiliza, kuuliza, kupinga hoja bila kumtukana mwenye hoja. Mwisho, wakae wajipime: tumefanya nini vizuri, tumekosea wapi.

Nguzo mbili za kwanza ndizo zinazobeba nyumba, na kwa hizo hatuna haja ya kusafiri mpaka Minnesota. Nenda soko la Kadutu asubuhi, uwaulize akina mama wanaouza samaki na unga kuhusu likelemba. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaita upatu au mchezo, wa Nairobi wanaita chama. Kila mmoja anatoa fungu lake siku yake, na kila mmoja ana zamu yake ya kupokea. Asipotoa mmoja, chungu cha mwenzake kinapungua siku hiyohiyo, na jina la aliyepunguza linajulikana. Hakuna anayeweza kujificha nyuma ya wengine, wala hakuna anayeweza kufanikiwa bila wao. TP ya majina kumi haina hata moja kati ya hayo mawili. Likelemba inayo yote, nayo inaendeshwa na watu wengi ambao hawakuwahi kusoma saikolojia ya elimu.

*

Njia moja ya kuzisimamisha nguzo hizo darasani inaitwa darasa la vipande. Ilizaliwa mwaka 1971 huko Austin, Texas. Shule za mji huo zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weusi, weupe na wenye asili ya Mexico, na madarasa yalijaa uhasama. Elliot Aronson na wanafunzi wake waliona kwamba mashindano ya kumjibu mwalimu yalikuwa yanachochea moto. Wakaligawa somo kama picha iliyokatwa vipande. Mfano anaoutaja ni wa maisha ya Eleanor Roosevelt: kila mtoto kikundini alipewa sehemu moja tu ya maisha hayo, na wengine hawakuwa na njia ya kuijua sehemu hiyo isipokuwa kwa kumsikiliza. Kabla ya kuwafundisha wenzake alikutana na wale wa vikundi vingine waliopewa kipande kama chake, wakakielewa pamoja, kisha kila mmoja akarudi kwenye kikundi chake cha nyumbani na alichonacho.

Kwa hiyo mtoto aliyekuwa akichekwa kwa kusitasita akawa ndiye mwenye kitu ambacho wote wanakihitaji. Kumcheka kukawa ni kujinyima.

*

Sasa, kwa nini kemia ya kaboni hasa? Kwa sababu hilo ndilo somo ambalo kukariri kunamwangusha mtu mapema. Kaboni ina mikono minne, na inaweza kushikana na kaboni nyingine bila kikomo, kwa mnyororo ulionyooka, wenye matawi au uliojifunga pete. Butani, yenye kaboni nne, ina isoma mbili: atomi zilezile, idadi ileile, zimeshikana kwa namna mbili. Pentani ina tatu. Heksani tano. Heptani tisa. Oktani 18. Dekani, yenye kaboni kumi, ina 75. Ukifika kaboni 20, isoma zinazowezekana ni 366,319. Hakuna daftari la kuzibeba, wala kichwa cha kuzikariri. Anayezijua ni yule anayejua namna ya kuzijenga.

Hapa kikundi kinafanya kazi ambayo ubao hauwezi. Wape watu watano heptani. Kila mmoja achore peke yake kwa dakika kumi, kimya, bila kuchungulia. Halafu waweke karatasi mezani. Mmoja atakuwa na sita, mwingine kumi na mbili, na hapo mabishano yanaanza: "Hii na hii ni moja, umeigeuza tu." "Hapana, tawi langu liko kaboni ya pili, lako liko ya tatu." "Hesabu kutoka upande ule mwingine!" Yule mwenye kumi na mbili anagundua kwamba amechora kitu kimoja mara mbili au tatu kwa kukipinda mkia. Yule mwenye sita anaona matawi ambayo hakuyawazia. Mwalimu angeweza kuziandika zote tisa ubaoni kwa dakika tatu, na wanafunzi wangezinakili zote tisa bila kuona kosa lao hata moja.

*

Je, wajua kwamba Bukavu yenyewe ni maabara ya kemia ya kaboni? Nalisema hili kwa uzito. Watu wanazoea kuhesabu kinachokosekana: vioo, dawa, umeme, gesi ya kuchomea. Tuhesabu kilichopo.

Kilichopo cha kwanza kipo chini ya macho ya kila anayeishi kwenye rasi zile tano zinazoingia ziwani. Katika vilindi vya Ziwa Kivu zimeyeyuka kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani, CH₄, pamoja na takriban 300 za kaboni dioksidi. Methani ndiyo kifungua mimba wa ukoo wote wa alkani, kaboni moja na haidrojeni nne, umbo la kwanza analochora mwanafunzi. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt huko Karongi unaivuta kutoka vilindini na kuzalisha umeme wa megawati 26.

Cha pili kipo kwenye migomba. Kasiksi, pombe ya ndizi inayotiwa unga wa mtama, ni somo zima la uchachushaji: sukari C₆H₁₂O₆ inavunjwa na hamira, inatoa ethanoli na kaboni dioksidi. Povu linaloonekana juu ya chombo ndiyo hiyo gesi ikitoka.

Cha tatu ni sabuni. Mawese yakichemshwa na kostiki soda yanagawanyika kuwa sabuni na gliserini. Mfaransa Michel Chevreul ndiye aliyefumbua siri ya mafuta na sabuni mwanzoni mwa karne ya 19, na aliishi miaka 102, hivyo aliiona kemia yake ikiwa kiwanda. Soda hiyo inaunguza ngozi na kupofusha macho. Kazi hii ifanywe na mwalimu mwenyewe, maji yakiwa karibu.

Cha nne ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Bukavu ni nyumbani kwa Pharmakina, kiwanda kinachotoa kwinini kwenye magome ya msinkona unaolimwa Kivu. Asili ya mti huo ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mwaka 1820, mjini Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou waliitenga kwinini kutoka kwenye gome. Mwaka 1856 kijana wa London, William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alijaribu kuitengeneza kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe. Akashindwa, akapata matope. Alipoyaosha aliona rangi ya zambarau ambayo haikuwahi kuwapo madukani, na kutokana na kosa hilo kikazaliwa kiwanda cha rangi za kutengenezwa. Kwinini yenyewe iliendelea kuwashinda wanakemia kwa muda mrefu sana. Robert Woodward na William Doering walipiga hatua kubwa mwaka 1944, lakini ilikuwa mwaka 2001 ndipo Gilbert Stork na wenzake walipochapisha njia ya kuijenga huku wakidhibiti mpangilio wake wote. Tangu kutengwa kwake ni miaka 181.

Ugumu ulikuwa nini? Fomula yake, C₂₀H₂₄N₂O₂, ilikuwa inajulikana. Ugumu ni umbo. Ndani ya gome hilohilo mna kwinidini, yenye fomula ileile na atomi zilizoshikana kwa mfuatano uleule, ila kwenye kaboni mbili mkao wake angani ni tofauti. Kwinini ilitibu malaria kwa karne kadhaa. Kwinidini ikawa dawa ya mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Nani atasema tena kwamba sura ya isoma za umbo ni mambo ya Ulaya tu, wakati mfano wake unasagwa kiwandani ndani ya mji wake?

Basi tazama jinsi vitu vinne hivi vinavyojipanga vyenyewe kuwa darasa la vipande. Wanafunzi wa kikundi cha nyumbani ni wanne. Mmoja anapewa gesi ya ziwa: alkani na kuungua kwake. Wa pili anapewa kasiksi: alkoholi. Wa tatu sabuni ya mawese: asidi za mafuta na esta. Wa nne gome la msinkona: amini, pete na maumbo ya angani. Wenye kipande kimoja wanakutana kutoka vikundi vyote, wanapambana nacho mpaka kinaeleweka, kisha wanarudi. Hapo kila mmoja ana zamu yake ya kutoa, kama kwenye likelemba. Wa kipande cha nne apewe muda mrefu zaidi; huyo ndiye mwenye mzigo.

*

Vifaa vya kuonyesha maumbo havihitaji oda kutoka ng'ambo. Kiazi kidogo ni kaboni, vijiti vinne ni mikono yake, na pembe kati ya mkono na mkono ni nyuzi 109.5. Rangi nne za udongo wa kufinyanga kwenye ncha za vijiti zinatosha kuonyesha kwa nini mkono wa kulia hauingii kwenye glavu ya kushoto. Kenya ilianza mradi wa SMASSE mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, kwa ajili ya walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari, na moja ya nguzo zake ilikuwa hiyohiyo: mwalimu abuni vifaa kwa vitu vilivyopo karibu. Sharti langu ni moja. Kiazi kisikae mkononi mwa mwalimu. Kikae mkononi mwa kikundi, na wawili wajenge bila kuonana kisha walinganishe.

*

Mwaka 1892 wanakemia walikutana Geneva kukubaliana juu ya majina ya kampaundi za kaboni, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa na jina hili Ujerumani na jina lile Ufaransa. Majina tunayowafundisha wanafunzi ni matunda ya watu kuketi na kuelewana.

Kule Bukavu kuna jambo jingine la lugha ambalo watu hulipita haraka. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Darasani ubao ni wa Kifaransa, na mtihani wa taifa ni wa Kifaransa. Lakini vikundi vikianza kuzungumza, Kiswahili kinaingia chenyewe. "Kaboni hii imeshikwa mikono yote, haidrojeni yako itakaa wapi?" Sentensi hiyo ni kemia kamili. Walimu wengine huizuia kwa kuhofia kwamba mwanafunzi atakosa istilahi. Mimi naona wanafunga mlango ambao maana ilikuwa inapitia. Mwanafunzi aelewe kwa Kiswahili kwenye benchi, kisha kikundi kiandike jibu kwa Kifaransa sahihi kwenye karatasi. Kazi hizo mbili zinasaidiana.

*

Je, wajua kwamba mtu anapoanza chuo cha ualimu ameshakaa mbele ya walimu kwa saa zipatazo 13,000? Hesabu hiyo ni ya Dan Lortie, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu walimu wa Marekani. Alisema huo ni uanagenzi wa kutazama. Mwanagenzi huyo ameona mgongo wa mwalimu, ubao na chaki, lakini hakuona maandalizi wala sababu. Siku akipewa darasa lake, anarudia alichokiona. Mhadhiri anaweza kutoa mhadhara mzuri wa saa mbili juu ya ufundishaji wa ushirikiano, na wanafunzi wakanakili kila neno. Watakachokwenda kukirudia ni mhadhara. Njia ya kuvunja mnyororo huo ni kuwafanya walimu watarajiwa wajifunze kemia yenyewe ndani ya vikundi, mpaka wayajue kwa miili yao matatizo yake: mzungumzaji asiyenyamaza, mwoga anayejificha, dakika zinazokwisha kabla ya kazi.

*

Na matokeo? Craig Bowen alikusanya mwaka 2000 tafiti za ushirikiano katika kemia ya sekondari na ya chuo. Mwanafunzi wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wako chini yake, alipanda mpaka kuwapita 64 kati ya 100. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za sayansi, hisabati na uhandisi: katika madarasa ya mihadhara mitupu asilimia 33.8 ya wanafunzi walifeli, katika yale ya kujifunza kwa vitendo 21.8. Tofauti hiyo, katika darasa la watu mia, ni watu kumi na wawili.

Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alitatua shida ya pointi. Wanafunzi wanajifunza pamoja, lakini jaribio kila mmoja anaandika peke yake. Kikundi kinapewa pointi kwa kila mmoja aliyevuka wastani wake mwenyewe wa zamani. Aliyezoea 6 kati ya 20 akapata 10 anakiletea kikundi chake pointi nyingi kuliko aliyezoea 17 akabaki na 17. Ghafla yule wa mwisho anakuwa mtu wa kuketi naye jioni.

Nakiri kwamba mambo haya yanataka muda, na kwamba darasa la watu mia na benchi zilizofungwa sakafuni si rafiki wa vikundi. Hata hivyo waliokaa benchi la mbele wanaweza kugeuka nyuma, na hapo umepata kikundi bila kusogeza hata kiti.

Kwako wewe unayefundisha walimu, au uliye CP, yaani kiongozi wa wanafunzi wa promosyo yako: TP ijayo isiwe ya majina kwenye jalada. Gawa watu wanne wanne au watano watano. Kila mmoja afanye kwanza peke yake kwa kalamu yake. Wakishamaliza kubishana, tia majina yao kwenye kofia, uchomoe moja, na huyo ndiye asimame ubaoni kujibu kwa niaba ya wote, awe nani awe nani. Anza na heptani. Isoma zake ni tisa, na saa moja inatosha.